Gari la Baridi la Onsongo

Jumanne, 16 Aprili 1974

Klachi ya lori la mawe tumeimaliza. Breki za teksi bado. Mvua imenyesha baada ya chakula cha mchana, kama kila siku.

Jioni akaingia Onsongo wa Nyamira na pikapu yake mpya. Mpya kwake. Ni ya Kimarekani, imezeeka, ameinunua kwa mzungu wa ujenzi wa barabara anayerudi kwao. Anataka tumtengenezee mashine ya ubaridi iliyomo ndani. Nilidhani anatania. Hapa Kisii tunalala na mablanketi mawili, na huyu anataka kupulizwa baridi akiwa ndani ya gari. Anasema akishuka Kisumu na vioo vimefungwa na shati halijalowa jasho, watu watajua nani amepita.

Kaka Ombati alicheka mpaka akashika boneti. Gereji ni yetu sisi wawili, yeye mkubwa, mimi mdogo. Mambo ya ubaridi nayajua mimi, niliyapata Mombasa kwenye gereji za watu. Tumeichukua kazi. Upuuzi mtupu, lakini tumeichukua.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeifungua. Kompresa inayosukuma gesi imekwama, beringi zimesagika kama unga. Mipira ya gesi imeanza kuchakaa. Kondensa ya kupoozea gesi, pale mbele ya rejeta, imejaa matope na mabawa ya wadudu. Vyote vibadilishwe. Onsongo ameleta vipuri alivyokwisha kununua Nairobi, na makopo ya gesi mpya.

Gesi ya zamani bado imo. Nilibonyeza vali kidogo, ikafoka.

Nikamwambia Ombati kwamba gesi hii yenyewe haina neno, ila isipite kwenye moto. Ikipita kwenye moto inageuka sumu ya kifua. Hufunguliwa nje, uwanjani, bila sigara wala jiko. Akasema ndiyo, ndiyo, akaendelea na mluzi wake wa nyimbo za kanisani. Ombati ni shemasi wa Wasabato, tena ni kaka yangu mkubwa. Kumwambia jambo mara ya pili ni kumvunjia heshima. Nilisema mara moja.

Ijumaa, 19 Aprili

Siku mbaya.

Asubuhi alipita Moraa, mjane wa marehemu baba yetu mdogo, akielekea sokoni. Alitupa viazi vitamu alivyochemsha. Tukala. Mbwa wa gereji akala maganda. Kisha mimi nikaenda Keumbu kuvuta trekta lililokufa njiani. Nilimwambia Ombati pikapu ya Onsongo ingoje nirudi.

Haikungoja. Nimerudi jioni, mvua inapiga mabati, milango ya gereji imefungwa. Nikaifungua. Harufu ilinichoma macho na koo, kali, haifanani na kitu chochote ninachokijua. Jiko la makaa linawaka katikati ya sakafu. Mpira wa gesi umefunguliwa. Ombati amekaa nje nyuma, chini ya ukingo wa bati, anakohoa na kupangusa macho. Alitaka amalize kabla ya jua kuzama, Sabato isimkute na spana mkononi. Mvua ikamfanya afunge milango. Baridi ikamfanya aingize jiko.

Nilikasirika, nikaisukuma milango yote wazi. Yeye akacheka, akasema moshi tu, akanawa uso, akapanda basi kwenda nyumbani Keumbu kwa mkewe na watoto.

Nimelitoa jiko nje. Mbwa hakuja kula.

Jumamosi, 20 Aprili

Wamemleta Ombati hospitali asubuhi. Jana alisali vizuri na watu wake, akalala. Alfajiri akaanza kukoroma akiwa macho. Mdomoni povu la rangi ya waridi.

Daktari ameuliza alivuta nini. Nikamweleza yote. Akasema mapafu yamejaa maji, akanitazama kwa huruma. Niliichukia ile huruma.

Kerubo, mke wa Ombati, amekaa chini kando ya kitanda. Hakubali kiti. Mama amefika adhuhuri akiwa bado na nguo za kanisani. Nimekaa nao. Sina la kufanya na mikono yangu.

Jumapili, 21 Aprili

Ombati amekufa leo asubuhi.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimerudi gereji kuchukua nguo zake. Mbwa nimemkuta amekufa chini ya pikapu, amejikunja. Spana zote zilizokuwa mezani, zile ninazozipaka oili kila wiki, zimeshika kutu nyekundu. Hata zile mpya. Hewa ile imekula chuma. Sasa naona vizuri ilifanya nini ndani ya kifua cha mtu.

Onsongo alikuja kutoa pole. Alivua kofia, akasimama mvuani akiizungusha mikononi. Sikumkaribisha ndani.

Jumatano, 24 Aprili

Nyumbani Keumbu. Watu wengi. Kuni zinapasuliwa, kaburi linachimbwa upande wa migomba.

Nilikosea kutaja mbwa. Nilisema ili waelewe kwamba ni ile hewa. Wao wakaelewa jambo lingine. Ombati amekufa, mbwa amekufa, na wote wawili walikula kutoka mkono wa Moraa. Nikasema mimi pia nilikula, tena vingi. Binamu yangu akasema mchawi huchagua.

Moraa na Mama walishagombania mpaka wa migomba miaka mingi iliyopita. Sasa kila mtu ameukumbuka.

Nimejaribu kumweleza Mama. Gesi, moto, milango iliyofungwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mtoto wangu hakufa kwa upepo."

Ijumaa, 26 Aprili

Tumemzika mchana, mapema, ili watu wafike kwao kabla ya Sabato. Mchungaji amehubiri dhidi ya ushirikina. Watu wameitikia amina. Nimezitazama nyuso zao wakati wanaitikia. Amina ya midomo.

Moraa hakuja kaburini. Mlango wake umefungwa tangu jana.

Kerubo amenivuta kando, nyuma ya jiko. Amesikia vijana wa ukoo wakipanga. Nyumba ya Moraa ni ya nyasi. Wataichoma naye akiwa ndani. Nikauliza lini. Akasema Jumapili, maana kesho ni Sabato.

Wanangoja Sabato ipite ndipo wamchome mtu. Wachamungu kweli hawa.

Jumamosi, 27 Aprili

Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwa chifu, nikaambiwa amesafiri. Nikaenda kituo cha polisi, nikaambiwa hakuna kosa lililotendeka, nirudi likitendeka.

Nikaenda kwa Moraa, nikamwomba kupitia mlangoni aje mjini kwangu. Alijibu kwamba mumewe amezikwa hapo na yeye hatoki.

Maneno yangu hawayataki. Basi waone kwa macho.

Jumapili, 28 Aprili

Nitaandika ilivyokuwa, maana wanaisimulia ovyo tayari.

Nilifika kwa Moraa kabla yao. Nilikuwa na jiko, kopo moja la gesi ya Onsongo, jogoo ndani ya tenga, na magunia mabichi ya kufunikia. Wakaja vijana wengi, mmoja ana debe la mafuta ya taa. Mama akaja nyuma yao. Hakuwa amewazuia.

Nikawaambia nipeni muda wa kupika chai tu, kisha mfanye mnalotaka. Nikaweka jiko na tenga pamoja, nikafunika, nikasimama upande unakotoka upepo, nikawasogeza wote mbali, nikafungua kopo. Harufu ile ile. Hata kwa mbali waliokuwa mbele walianza kukohoa, mmoja akakimbia akishika macho. Jogoo akapiga mabawa mara chache. Nilipofunua alikuwa amelala na mdomo wazi.

Nikasema, "Hiki ndicho kilichomuua Ombati. Moraa hana hiki. Hajawahi kukiona."

Yule wa debe akaliweka chini. Nilifikiri nimeshinda. Kwa muda mfupi nilifurahi kabisa, naona aibu kuliandika hilo.

Kisha binamu yangu akasema, polepole, kama mtu anayehesabu, "Kumbe dawa anayo huyu."

Walinitazama mimi. Si jogoo, si mlango wa Moraa. Mimi, na kopo mkononi. Wakaanza kurudi nyuma. Mtu aliyekuwa karibu nami alilivuta shati lake lisiniguse.

Mama hakurudi nyuma. Alikuja mpaka mbele yangu. Akasema, "Ulikijua kitu hiki, ukamwachia mtoto wangu."

"Nilimwambia, Mama."

"Nani alisikia?"

Aliyesikia tumemzika Ijumaa.

Waliondoka. Nyumba ya Moraa imesimama. Debe la mafuta waliliacha pale, nikalimwaga kwenye mtaro.

Jumanne, 30 Aprili

Hakuna mteja. Teksi ile ya breki imechukuliwa bila breki. Mjini maneno yanafika haraka kuliko basi. Kwamba nina hewa kwenye kopo. Kwamba nilitaka gereji iwe yangu peke yangu. Kwamba nilikwenda Keumbu makusudi siku ile.

Mwenye duka la jirani, aliyekuwa akituletea maandazi, amenisalimia akiwa ndani ya duka lake na hakutoka.

Nina hasira na Ombati. Naiandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuisemea. Nina hasira na haraka yake, na mluzi wake, na Sabato yake. Kisha naliona koti lake kwenye msumari na nashindwa kuendelea.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemaliza pikapu. Onsongo alisema niiache, hataki tena ubaridi. Nikamwambia itamalizika. Sitaki ibaki hapa ikiwa wazi kifuani kama mgonjwa.

Nimefanyia kazi nje, uwanjani, mvua ilipokatika. Kompresa mpya, mipira mipya, kondensa mpya, mkanda mpya. Nimejaza gesi taratibu. Watu walikusanyika ng'ambo ya barabara wakitazama, hakuna aliyevuka.

Nikawasha. Hewa baridi ikatoka chini ya dashibodi, safi, haina harufu. Inafanya kazi vizuri kabisa. Nilikaa ndani nikiwa nimefunga vioo, nikalia, kwa kuwa ndani ya gari hilo hakuna anayekusikia.

Onsongo ameichukua. Ameondoka vioo vyote viko chini.

Jumapili, 19 Mei

Nimekutana na Moraa njiani Keumbu, ana mzigo wa majani ya ng'ombe. Nilisimama nimsalimie. Alitoka barabarani, akapita kwenye majani marefu, akarudi barabarani mbele. Hakukimbia. Alinizunguka tu, mtu anavyozunguka shimo.

Hata yeye. Yeye hasa, labda. Alisikia yote akiwa nyuma ya mlango wake.

Kerubo aliniletea salamu za watoto. Yeye peke yake anaongea nami, naye husimama mlangoni.

Jumapili, 26 Mei

Nimekwenda kwa Mama. Mara ya kwanza tangu siku ile. Sikuitwa. Nilibeba majani ya chai na sukari, nikabisha hodi kwenye nyumba niliyozaliwa.

Akaniambia niingie. Amekonda. Nimekaa kwenye kigoda cha mlangoni ili asihisi nimemfungia njia. Hatukuzungumza habari za Ombati. Tulizungumza mahindi, na ng'ombe aliyezaa. Mvua ikaanza.

Akachemsha chai. Akatia majani niliyoleta na sukari niliyoleta, akakoroga muda mrefu. Akamimina vikombe viwili. Chake akakiweka chini, hakukigusa. Changu akanipa mkononi.

Akasema nianze mimi.

Nikanywa. Ilikuwa ya moto sana lakini nilikunywa nusu. Alikuwa akinitazama kooni. Nikamwachia atazame. Tukakaa tunasikiliza mvua, yeye na kikombe chake chini, mimi na changu mkononi, muda mrefu wa kutosha chai kupoa.

Kisha akakiokota chake, akanywa, akasema sukari imezidi.