Posa Iliyokwama Kwenye Mabomba ya Moshi

Yuditha uko wapi?? Posa ya mdogo wangu Mwanaidi imevunjika. Bibi Mashavu kaivunja mbele ya wageni wote.

Mshenga wao alikuwa Mzee Kibwana. Kamaliza pilau, kajifuta mdomo, kaanza kukumbuka ile mitambo ya umeme wa kuni iliyokuwa mtoni Korogwe. Eti mabomba mawili ya moshi, ukiyaona tu unajua nchi imejitawala. Eti siku yanabomolewa alilia. ALILIA, Yuditha!

Bibi alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Ulilia?"

"Nililia kweli, dada yangu."

"Mwaka sabini na nne, tunahamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, wewe na mgambo wako mlibomoa nyumba ya mama yangu. Nguzo, boriti, mpaka mlango wa mninga, mkapakia kwenye trekta mkaenda kuchochea hiyo mitambo. Mama akasimama ng'ambo ya mto anaangalia yale mabomba, anasema, 'Nyumba yangu inapaa ile.' Hapo hukulia."

Mzee akaanza kubabaika, eti ilikuwa amri, eti umeme ulikuwa wa wote. Wa wote! Bibi kazeeka na kibatari, taa kawashiwa juzijuzi tu!

Baba akajaribu kumtuliza. Wapi! Bibi kaichukua barua ya posa, kamrudishia mkononi.

"Asubuhi ulipopiga hodi hapa nilishangaa. Hodi ya mlango gani, Kibwana? Wetu uliuchoma."