Flora Amekula Kamongo

Kitaji,
S.L.P. 371,
Musoma.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Chrispin,

Habari za siku nyingi? Habari za Tunduru, za kazi, na za hao wanafunzi wako? Wifi Euphrasia kile kikohozi kimemwacha? Mwambie achemshe tangawizi, asingoje mpaka kifua kibane ndipo akumbuke maneno yangu. Watoto nao hawajambo? Sisi huku tunaendelea. Nikisema wazima nitakuwa nimekudanganya, nikisema wagonjwa vile vile nitakuwa nimekudanganya.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu yangu, Flora ndiye ananisomeaga meseji, maana yale maandishi madogo siyaoni tena. Nikisema nikupigie, nyumba yetu unaijua, vyumba viwili na ukuta usiofika juu. Na hili ninalokuandikia Flora hatakiwi kulisikia. Barua atakuja nayo Bernado, fundi bomba jirani yetu, anaenda Songea Alhamisi kwa dada yake. Ameahidi kuipakia kwenye basi la kwenu.

Mvua zimeanza vizuri. Muhogo wa Butiama umeshika, ila nguruwe wa jirani wameshaanza ujinga wao. Shangazi anakusalimu, goti lake bado linamsumbua na mdomo wake bado mzima. Ryoba mwanangu yuko kisiwani Rukuba, kambi ya wavuvi, tangu Januari. Amesema atarudi mwisho wa mwezi huu, kabla mke wake Flora hajajifungua.

Sasa nisikilize. Flora ana miezi minane. Unajua huyu ni wa tatu, na unajua wale wawili walivyoondoka, mmoja wa miezi mitano, mwingine wa saba. Safari hii tumefika mbali kuliko tulivyowahi kufika. Ndoo ya maji habebi. Kuni hashiki. Nimekuwa kama askari wa zamu kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Bunda kwenye mazishi. Wakati wa kurudi nikapita sokoni kwa Hasna, yule mama wa samaki wa kubanika, maana Flora alikuwa anatamani kambale wa moshi. Gari lilikuwa linapiga honi. Beseni lilikuwa limejaa vipande, havina vichwa, havina mikia, vyeusi vyote. Nikachagua mwenyewe, haraka haraka, vile vinene. Mimi, Chrispin, niliyezaliwa ziwani, ninayejisifu kwamba najua samaki hata nikifumba macho!

Nikapika na nyanya na kitunguu kingi. Flora alikula, akasema mama, kambale wa leo ana mafuta. Akaramba bakuli. Akaomba tena kesho yake, nikampa kilichobaki, na mimi moyo unacheza kwa furaha kumwona anakula vile.

Wiki iliyopita nimerudi kwa Hasna. Akaniuliza, tena anacheka, ile kamongo mliionaje. Nikamwambia we Hasna, kamongo gani? Akasema mama Ryoba, mbona ulichagua mwenyewe, nilidhani unajua. Hana kosa. Kwao wanamla, wakubwa kwa wadogo.

Unakumbuka bibi alivyokuwa anatuambiaga. Mwanamke wa nyumba yetu hali kamongo, na mwenye mimba hata sufuria yake asiiguse. Kamongo anapanda juu ya maji kuvuta hewa kama mtu, kwa hiyo mtoto atazaliwa hajui pumzi yake ni ya majini au ya nchi kavu. Mimi nimezaa wanne, sijawahi kuonja. Flora hakuzaliwa kwetu, lakini alipoolewa niliketi naye nikamfundisha miiko yote mmoja mmoja. Kisha mimi mwenyewe nikamlisha kwa mkono wangu.

Tangu siku ile silali sawasawa. Sufuria nimeisugua kwa majivu mara tatu. Nasikiliza anavyopumua. Akihema kidogo kwa kupanda ngazi za kanisa, mimi jasho linanitoka. Shangazi sijamwambia, maana atataka mbuzi na wazee wa ukoo, na Butiama nzima itajua kabla mbuzi hajachinjwa.

Ungekuwa mtu mwingine ungesema ni mambo ya kizee, na mimi ningejituliza hivyo. Tatizo ni wewe, Chrispin! Unaikumbuka ile Krismasi uliyochora ukuta wa jiko langu kwa mkaa? Nilisema samaki ni samaki, mnyama ni yule mwenye miguu. Ukaniuliza, na nyoka je? Watoto wakanicheka. Ukasema mnyama siyo miguu. Mti unajitengenezea chakula kwa jua, mnyama hawezi, lazima ale kilichotengenezwa na mwingine, na mwili wake unahisi na kujongea. Ukasema basi sato ni mnyama, dagaa ni mnyama, hata konokono, hata funza wa kwenye embe. Hayo niliyameza.

Halafu ukamchora kamongo. Ukasema ana mapafu kweli, ukimzuia asipande juu anakufa maji, ajabu ya samaki kufa maji. Ukasema yale mapezi yake kama kamba yana mfupa na nyama ndani, na kwamba zamani sana, kabla hakujawa na mtu wala ng'ombe, viumbe wa aina yake walitoka kwenye tope, na baada ya miaka isiyohesabika tukapatikana wenye mikono. Ukasema kwa ukoo kamongo yuko karibu na sisi kuliko alivyo karibu na sato. Mimi nikakutania kwamba basi ni shemeji yako, umpelekee posa.

Sasa sicheki. Bibi hakukanyaga shule hata siku moja. Wewe umesoma mpaka chuo kikuu. Bibi anasema usimle, wewe unasema ni ndugu. Mbona mnasema kitu kimoja? Nilitegemea elimu yako itanituliza, kumbe ndiyo inanimaliza. Nikimtazama Flora naona nimempikia mtu wa ukoo.

Najua utasema ng'ombe naye ni ndugu na tunamla kila sikukuu. Ng'ombe hatujakatazwa. Nijibu kama mwalimu, usinijibu kama mdogo wangu anayetaka dada alale. Tabia ya mnyama uliyemla inaweza kumwingia mtoto tumboni? Mapafu yake yanaweza kukosea njia? Nataka ndiyo au hapana. Zile hadithi zako ndefu za miaka milioni sitaki.

Jumatano, 12 Machi.

Nilikuwa sijaifunga barua. Chrispin, jana nilikaribia kufa.

Asubuhi Flora akasema mtoto hajacheza tangu alipoamka. Akanywa maji ya baridi, akalalia ubavu wa kushoto kama walivyomfundisha kliniki, wapi. Hatukungoja chai. Tulipanda bajaji, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu, huku naomba na bibi pia, Mungu anisamehe. Nesi akaweka kile kijitarumbeta chao cha kusikilizia, akahama huku, akahama kule. Mimi nimeshika ukingo wa kitanda. Halafu akasema yupo, moyo unapiga vizuri, amelala tu huyu. Wakamwangalia na kwenye mashine, tukaambiwa turudi nyumbani, ila akitulia tena hivyo tusisubiri hata saa moja.

Tulipotoka Flora akataka tutembee kidogo. Tulipofika Kamunyonge nikashindwa kuibeba siri ile. Nikamwambia pale pale barabarani, pikipiki zinapita, kwamba ile haikuwa kambale. Ni mimi niliyechagua, ni mimi niliyepika, anisamehe.

Alisimama. Hakulia wala hakukasirika, ungeona afadhali angekasirika. Akaniambia, "Mama, wale wawili sikula kamongo. Sikula mayai, sikula maini, sikula chochote ulichonikataza. Nilishika yote."

Nikamvuta kando, pikipiki zisimguse.

Akasema, "Huyu naye akiondoka, nakuomba usiniambie ni kamongo. Nimechoka kutafuta nilichokosea."

Chrispin, unajua nilikumbuka nini? Yule wa pili alipoondoka, Flora bado yuko kitandani, damu haijakauka, mimi mama mkwe wake niliingia nikakaa karibu naye. Sikumpa pole kwanza. Nilimuuliza, umekula nini?

Miaka miwili amekaa na swali langu. Anapika, ananisomea meseji, ananiita mama, na swali langu liko naye. Mimi nilikuwa nimelisahau kabisa.

Nilimshika mkono tukatembea mpaka nyumbani. Nilitaka kusema mengi, nikasema pole. Nimechelewa miaka miwili kuisema. Hakuitika, ila mkono hakuutoa. Leo mtoto anacheza sana, mpaka anamwamsha. Bado wiki tano, na mimi bado naogopa, nisikufiche. Nikisikia tu kimya chumbani kwao naenda kugonga mlango.

Kwa hiyo lile swali langu la juu achana nalo. Ukijibu kwamba kamongo hana kosa, sawa. Ukijibu kwamba ana kosa, mimi sitamwambia Flora, na wewe usimwambie. Badala yake mpigie simu mwenyewe, umwulize anaendeleaje yeye, halafu unyamaze umsikilize. Sisi nyumbani hapa hatujawahi kumwuliza hivyo.

Msalimie wifi Euphrasia, na Jenipher, na Dotto mwambie shangazi yake amesikia ameshika nafasi ya nne, aache mpira kidogo. Mungu awafunike huko mliko, awape mvua ya kiasi na afya isiyo na deni. Na huyu mtoto, ambaye hatujathubutu kumpa jina, Mungu amlete salama mikononi mwa mama yake. Na asipomleta, aniondolee mimi mdomo wa kuuliza.

Ni mimi dada yako akupendaye sana,
Nyangi