Mabomba Mapya Huanza Chini

Norman, 4 Oktoba 1981

Ndugu wapambanaji wa karakana ya Elk City, na wewe Baba unayewasomea wakati wa chakula,

Shikamoo Baba. Kifua kinaendeleaje? Mimi ni mzima hapa chuoni.

Kaka Garlan ameniambia kwamba msimamizi wenu amepiga marufuku grenda, mashine ya kulainishia chuma, eti inapoteza muda. Ndugu zangu, gamba gumu mnalolichomelea kwenye viungio hulinda bomba la kuchimbia. Lakini likiachwa na makwaruzo, bomba linalozunguka hugeuka tupa, na tupa hiyo hula bomba la ukuta wa kisima, ngao pekee iliyopo kati ya gesi na binadamu. Mwenye mabomba anaokoa chuma chake. Anayesimama juu ya kisima ni kaka yangu. Basi lisitoke bomba lolote ambalo halijalainishwa. Wekeni zana chini!

Binti yako,
Darlene

Elk City, 18 Oktoba

Binti yangu,

Marahaba. Kifua ni kilekile. Niliwasomea. Purvis, mchomeleaji mwenzangu, amesema ukigombea ugavana atakupigia kura mara mbili. Msimamizi naye alisikia, akauliza nani anataka kurudi nyumbani. Hakuna aliyenyoosha mkono, hata mimi.

Usihangaike. Mabomba mapya huanza chini kabisa, kusiko na bomba la ukuta. Mwamba huyasugua mpaka yalainike, ndipo yanapandishwa juu. Hilo halikuandikwa popote, ila kila mchimbaji analijua.

Baba yako

Norman, 25 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Analijua nani? Kikosi cha Garlan sasa kimejaa watu walioachishwa kazi kwenye viwanda vya magari huko Michigan. Mabomba yenu yaliposhushwa, Garlan alikuwa mapumzikoni. Nakusihi uende kisimani ukaulize.

Binti yako,
Darlene

Elk City, 13 Desemba

Darlene,

Ulipokuja kumzika kaka yako sikuweza kusema, kwa hiyo naandika.

Gesi ilipopanda walifunga vali ya juu ya kisima kama inavyotakiwa. Bomba la ukuta likapasuka chini yake, pale kisima kinapopinda na mabomba yalipolisugua, gesi ikawatokea miguuni. Mabomba mapya yalikuwa juu tangu mwanzo. Wale wa Michigan hawakuambiwa na mtu.

Barua yako niliipata. Nilisema nitaenda Jumapili, halafu Jumapili nyingine.

Msimamizi alikuja na bakuli la viazi kutoka kwa mkewe, akasema ni bahati mbaya. Nilimwambia asante.

Usinitumie hotuba tena.

Baba yako

Norman, 20 Desemba

Baba,

Shikamoo. Hii si hotuba.

Purvis amenipigia simu. Grenda bado imefungiwa kabatini, na shehena nyingine ya mabomba imepelekwa kwenye kisima cha Sayre, kwa kikosi kisichoijua kazi vilevile. Amekwenda huko kuwaalika kwenye mkutano, waje wasikie. Mimi nimesoma vitabuni jinsi chuma kinavyolika, lakini sijawahi kushusha bomba. Wakiniona mimi wataona mwanafunzi. Wakikuona wewe wataona baba yake Garlan. Waambie mabomba mapya yanaanzia wapi, na kwa nini wewe hukwenda kisimani kwa Garlan.

Ukikaa kimya nitasema mimi, kadiri nitakavyoweza.

Mkutano ni Jumanne, saa moja jioni, chumba cha chini cha kanisa la Baptisti hapo Elk City.

Binti yako,
Darlene