Gitaa Walilosema Si Lako

Shangazi,

Nimeketi jikoni kwako Lanet, kwenye kile kiti ulichokuwa ukinikataza kukiegemeza ukutani. Nimekiegemeza. Nisamehe.

Kila nikilianza jambo hili kichwani linanikimbia, kwa hiyo naliandika. Tumelipata gitaa.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya kukuzika. Tulikuwa tukitoa nguo zako. Baba Mdogo akavuta sanduku refu kutoka chini ya kitanda, akafunua blanketi, akafunika tena haraka kama mtu aliyemkuta mwenzake akioga. "Hiyo si ya dada yangu," akasema. "Ni ya jamaa fulani wa bendi. Alikuwa anamwekea tu." Akataka liuzwe siku hiyohiyo. Nikamwomba wiki moja. Unanijua: kitu kikinishika, sili.

Nakuru mjini yuko fundi wa magitaa na spika, nyuma ya duka la simu. Nilimwomba anitafutie zile nyuzi mbili zilizokatika, kwa sababu mimi na digrii yangu ya chuo kikuu cha Njoro tulihesabu nne tukajua sita ndiyo kamili. Alicheka hadi akaweka bisibisi chini. "Siste, hii haijakosa kitu. Hii ni besi, nyuzi zake ni nne tu."

Kisha akaacha kucheka. Akaligonga tumboni kwa kidole. Pembeni lililia kama mtungi mtupu; katikati, kama mlango. Akamulika kwa tochi ya simu kwenye tundu lililochongwa mfano wa herufi S, nami nikachungulia: mbavuni ni pango, ila gogo la mbao limepita katikati kutoka shingoni hadi mkiani. Ndani kuna kibandiko chenye nambari na maandishi ya Kijapani. Alipiga picha, akawatumia wenzake wanaojua mambo haya, tukangoja siku tatu. Lilitengenezwa na karakana ndogo iliyofungwa zamani. Yalitoka machache sana, na kati ya wale walioulizwa hakuna aliyewahi kuona jingine hapa Kenya. Mmoja wao, mtu wa Nairobi, alitaka kulinunua papo hapo.

Lakini Shangazi, silo hilo lililonishika. Fundi alikuwa akilipangusa vumbi, akasema kama anayejisemea: "Aliyepiga hii alivaa bangili."

Pale kiganja cha kulia kinapopumzika, vanishi imechubuka kwa mistari myembamba isiyohesabika, yote ikielekea upande mmoja. Na mkanda wake wa begani umetobolewa kwa msumari, tundu la juu kabisa, kwa mtu mfupi.

Nikakuona. Wewe na bangili yako ya shaba. Vidole vyako viwili vikipokezana juu ya meza hii ukingoja maziwa yachemke. Wewe kanisani, ukiimba chini kuliko wanaume, kina mama wakikutania: "Leo ng'ombe wa nani ameingia kwaya?" Nawe ukiendelea tu. Mimi nilikuwa nikihamia benchi la nyuma, Shangazi. Niliona haya. Ulijua, na hukuwahi kuniuliza.

Nilimwita Baba Mdogo, nikakishika kidole chake, nikakipitisha kwenye ile mikwaruzo. Akakipitisha tena mwenyewe. Halafu akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Nilikuwa nambebea hii kitu hadi mlango wa hoteli. Yeye anapiga, mimi napewa soda."

Ndipo aliponieleza. Babu aliapa kuchoma chochote cha muziki atakachokikuta kwa binti yake. Ila mali ya mtu mwingine Babu hakugusa. Hata kuku wa jirani akiingia shambani, alimbeba mwenyewe akamrudisha. Basi ukamfundisha mdogo wako aseme gitaa ni la mwanamume wa bendi. "Aliniambia nisiseme ukweli mpaka mzee azikwe," akasema. "Mzee akazikwa. Lakini huyo dada yangu hakuniambia, haya, sasa sema."

Miaka yote hiyo. Yeye akingoja umruhusu, na wewe, sijui, labda ukingoja akuulize.

Nimemwambia aseme. Natumaini sikukosea. Ndugu walipokutana kugawana vitu vyako alisimama, na yeye si mtu wa kusimama. "Ni ya dada yangu. Alinunua mwenyewe, na pesa ya jasho lake." Hakuna aliyebisha. Akaniwekea gitaa mapajani mbele ya wote.

Mtu wa Nairobi nimemjibu hapana. Alipiga simu tena jana. Nikamjibu hapana kwa adabu zaidi.

Najua nyimbo tatu sasa, mmoja vibaya. Ncha za vidole zilitoka malengelenge, yamekauka, ngozi mpya ni ngumu na ninaipenda. Nikipiga noti ya chini kabisa, vikombe vyako vinatetemeka kabatini. Jumapili ijayo nitapiga na kwaya. Kina mama wameanza, hawana dini hao: "Msichana, hiyo ngoma ya waya utaiweza, ama tukuletee kayamba?" Nimewaambia wakae benchi la mbele.

Lala salama, Shangazi. Ninaogopa, lakini ni woga mzuri. Nakuahidi hili: atakayeniuliza gitaa hili ni la nani, sitamficha. Nitasema ni langu, na kabla yangu lilikuwa la mwanamke aliyelipiga. Kisha nitataja jina lako lote, la ubatizo na la nyumbani, kwenye kipaza sauti.

Mtoto wa kaka yako,
Wangeci