Tiketi ya Familia ya Kwenda Graz

Jumatatu, 22 Julai
Eckhart ametuma tiketi kwa barua pepe. "Tiketi ya familia," ameandika – kana kwamba bado ipo familia. Tangu Februari anaishi chumba cha kupanga kule Fürth, ila mama yake kule Graz, Austria, hajaambiwa. Kwa hiyo tarehe tatu mimi, yeye na binti yetu Vroni tukae behewa moja, tuchekeane, halafu tule keki ya miaka themanini ya bibi ambaye hajawahi kutaja jina langu bila kuguna. Nakwenda kwa ajili ya mtoto. Basi.

Nimempigia: kwa nini nisipande treni yangu peke yangu? Eti bei ya familia hairuhusu, walioandikwa husafiri pamoja. Sauti ya kimwalimu. Nisome masharti.

Jumatano, 24 Julai
Nimeyasoma. Kurasa kumi na moja! Aliyeyaandika hana watoto, naapa. Huku Ujerumani sheria yake, ukivuka mpaka Austria nyingine, punguzo hili haliingiliani na lile. Chai imepoa mara mbili.

Jambo moja silielewi. Kwenda: watu wazima wawili, mtoto mmoja. Kurudi tarehe kumi: mtu mzima mmoja. Huyo ni mimi, maana Eckhart alisema atabaki kwa mama yake Agosti yote. Lakini Vroni? Ana miaka kumi na tatu, halipi kitu. Labda asiyelipa akiandikwa mara moja inatosha.

Ijumaa, 26 Julai
Haitoshi.

Nimekwenda stesheni, dirishani. Mzee mwenye masharubu, uso wa mtu aliyeibiwa chakula chake cha mchana. Akaniambia mtoto husafiri bure, ndiyo, lakini lazima aandikwe kabla treni haijaondoka, kwenda na kurudi. Nikasema basi mume wangu kasahau.

"Hajasahau, mama," akasema, kalamu juu ya karatasi yangu. "Ukimwandika mtoto kwenda, kurudi mashine humwandika yenyewe. Kumtoa mpaka umtoe kwa mkono wako."

Mtu nyuma yangu akakohoa nisogee. Nusura nimpige mkoba.

Kwa mkono wake. Anataka mtoto abaki Graz, aanze shule huko Septemba, mimi nirudi na kiti kitupu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilimpigia pasi mashati miaka kumi na tano. Namchukia. Hapa naweza kuandika hivyo.

Vroni sijamwambia. Atalia.

Jumamosi, 3 Agosti, ndani ya treni
Eckhart ameketi mbele yangu anakula mkate wa soseji, Vroni yuko ubavuni mwangu, kavua viatu. Tulipopita Regensburg nikaitandaza tiketi mezani. Nikamwuliza mtoto wangu anarudi na treni gani.

Akawa mwekundu. "Tulitaka kukuambia baada ya sherehe."

"Tulitaka, wewe na nani?"

"Usianze hapa, Sibylle. Watu wanatazama."

Watazame! Wamelipa nauli. Nikamwambia: mama yako akanunue mjukuu mwingine, huyu ana kwao. Akatazama dirishani, soseji mkononi.

Nikamwambia Vroni avae viatu. Tunashuka Passau, kabla ya mpaka, punguzo lao wabaki nalo. Nikashusha begi lake kutoka juu. Zito mno kwa wiki moja. Nikafungua zipu: koti la baridi, buti, vitabu vyote vya piano.

Nilidhani kalipanga baba yake. Lakini soksi zimeviringishwa mbili mbili, nilivyomfundisha mimi.

Tumesimama Passau. Treni hukaa hapa dakika kumi. Milango iko wazi. Naandika kwa sababu nikiinua uso nitasema neno baya, na mara hii si kwa Eckhart. Vroni hajavaa viatu. Amesema, polepole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa:

"Mama, wewe ukitaka, shuka. Mimi nitakupigia nikifika."

Begi lake liko mapajani mwangu. Zimebaki dakika sita.