Wimbo Aliotungiwa Mageni

Geita, kambi ya mgodini
3 Desemba 1956

Kwa mwanangu Donatus,

Pokea salamu zangu na za baba yako, ambaye wiki hii anashuka shimoni zamu ya usiku, na mchana anakoroma mpaka bati linatikisika. Sisi wazima. Wewe je, kifua kimekuacha? Mjomba wako Eustace anakulisha, au anakuonyesha ugali kwa mbali?

Nimefurahi Bwana Praful kukupa kazi dukani wakati mnasubiri majibu ya darasa la nane. Lakini usipime sukari ukasahau kupita bomani. Siku wakibandika majina, niandikie siku hiyo hiyo. Mimi najua tayari. Mtoto aliyesoma herufi kwenye magunia ya unga kabla hajaota magego, atashindwa na nani? Nimeshawaambia wanawake wote wa kambi. Wengine nimewaambia mara mbili.

Mwenzako wa darasani, Mageni, amefika salama. Kila asubuhi, "Shikamoo mama," kisha ananyakua ndoo zangu kwenda bombani bila kutumwa. Mama yake, Generosa, analalamika, "Nimezaa mimi, maji anachota kwako!" Jumapili ngoma ilikuwa ya kundi lao, Wagika. Wakatuimba sisi Wagalu kwamba tunacheza kama bata waliokanyaga makaa, na Mageni ndiye aliyecheza mbele. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia Generosa, subirini, Jumapili ijayo tunawajibu.

Mama yako.


Shinyanga
19 Desemba 1956

Mama, shikamoo. Na baba mfikishie shikamoo yake akiamka.

Kifua kimepoa, na ugali wa mjomba nauona kwa karibu.

Majibu yamebandikwa ukutani bomani, na gazeti limeyachapa. Mama, mimi ni wa kwanza shuleni kwetu. Nimechaguliwa kwenda sekondari, Tabora. Wamezipanga na shule zenyewe, na yetu imekuwa ya pili katika jimbo. Ya kwanza imetupita kidogo tu, na watu waliojaa pale ukutani walikuwa wanatafuta nani ametushusha. Kidole kikaishia kwenye jina la chini kabisa. Ni Mageni, mama. Hakufaulu.

Nakuomba jambo moja. Habari ya Mageni usimwambie mtu. Gazeti huko huchelewa. Lori la Bwana Praful linakuja Geita mwanzoni mwa Januari. Nitapanda, nimwambie mwenyewe tukiwa wawili. Furaha yangu itangaze utakavyo, lakini hilo lishike.

Mwanao, Donatus.


Geita
27 Desemba 1956

Donatus, wa kwanza wangu!

Habari ya Krismasi? Hapa wote wazima, na kama kuna mgonjwa basi ni mimi, koo limekauka kwa vigelegele. Barua yako ilinikuta nasonga ugali. Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Baba yako, mtu asiyecheka, amewaambia hadi wasimamizi wa zamu. Tumechinja mbuzi. Nani sasa kambini humu atanipita bombani bila kuniamkia?

Generosa akatoka kwake: "Mama Donatus, na wangu je?"

Mwanangu, ulimi wangu unaujua. Nikamwambia, "Wako ametushikia mkia!" Akacheka kidogo. Sisi ni watani, miaka yote tunaimbana.

Na Jumapili manju wetu Maganga akatoka na wimbo mpya. Nilimpa maneno mimi:

*Donatus yuko juu, jogoo wa juu ya paa,*
*Mageni yuko chini, jiwe ndani ya ndoo.*
*Shule ilikuwa inapanda, jiwe likaivuta.*

Wagalu walicheza mpaka vumbi likaficha nyumba! Mageni alikuwepo. Alipiga makofi, nimemwona kwa macho yangu. Nikamwambia, "Jumapili ijayo tunangoja jibu lako, wewe!" Akasema, "Ndiyo, mama." Kwa hiyo lile uliloniomba usiliwaze, limekwisha kwa kicheko. Wimbo umeshapanda malori, nasikia hata Kahama wanaucheza.

Mama yako, mama wa namba moja.


Shinyanga
4 Januari 1957

Mama, shikamoo.

Mvua imekata barabara na lori halijaondoka. Ningekuja kwa miguu kama mito ingepitika.

Mama, ngoma ina Jumapili ijayo. Mtihani hauna. Mageni atakujibu kwa wimbo gani?

Sasa nakueleza nililolificha. Mwaka mzima niliokuwa nakohoa, zamu zangu za shamba la shule alilima Mageni. Alimaliza matuta yake, akaingia kwenye yangu. Mimi nimekaa na kitabu, namwona dirishani ameinama. Usiku akifungua daftari, kichwa kinaanguka juu yake. Sikukuambia kwa sababu ulipenda kuwaambia watu kwamba hata kwa jembe sipitwi. Hiyo namba moja ameilima yeye.

Mzuie Maganga. Na Mageni mshike hapo, mama, umshike kwa lolote, mpaka nifike.

Mwanao, Donatus.


Geita
17 Januari 1957

Mwanangu Donatus,

Sisi wazima wa mwili.

Barua yako imechelewa kwa mvua. Mageni ameondoka.

Ile Jumapili ya jibu, ambayo mvua iliisogeza mbele, Wagika walijipanga, ngoma ikapigwa, wakamngoja aongoze jibu. Hakutokea. Tukadhani anajipaka rangi. Mimi nilipiga kelele, "Mbona jiwe limezama?" Watu wakacheka. Jioni narudi nyumbani nakuta ndoo zangu zote zimejaa maji, hata sufuria ya zamani inayovuja kidogo. Alikuwa ameichomekea kitambaa.

Kwetu anayetaniwa hujibu. Mimi nilimngoja ajibu, Donatus. Nilikuwa nimeshafikiria atakavyonisema, nikawa nacheka peke yangu jikoni.

Nimekwenda kwa Maganga. Anasema wimbo ukitoka haurudi mdomoni. Wanawake wanautwangia mahindi, watoto wanaurukia kamba. Nikaenda kwa Generosa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Akasema, "Mwanangu alikuwa na jina zuri, Mama Donatus. Ulilichukua la nini?"

Baba yako anauliza kwa wenye malori.

Mama yako.


Tabora
10 Februari 1957

Mama, shikamoo.

Nimefika shuleni. Treni iliposimama Isaka nilishuka, kwa sababu niliwasikia wapagazi wakipakia magunia. Walikuwa wanaimba jiwe ndani ya ndoo.

Nikawauliza, mnamjua Mageni? Wakacheka: "Huyo ni wa kwenye wimbo tu, bwana mdogo." Mzee mmoja akasema kulikuwa na kijana hodari wa kubeba. Kila wimbo ulipoanza, alitua gunia akaenda kusimama mbali. Jina alitaja moja leo, kesho jingine. Siku moja hakuja kazini.

Nikimuuliza mtu kwa jina lake, anaanza kuimba. Sasa nitamtafutaje, mama?

Donatus.


Geita
22 Aprili 1957

Mwanangu Donatus,

Salamu. Natumaini Tabora hakuna baridi ya kukirudisha kifua. Hii ni barua ya tatu tangu yako ile, ambayo chini uliandika jina tupu, hukuweka "mwanao". Nililiona. Sikulaumu.

Nikueleze nililofanya. Nilimpelekea Maganga jogoo wangu mwekundu, nikamwambia anitungie mimi. Akakataa: "Nani atacheza wimbo wa mtu anayelia?" Nikautunga mwenyewe:

*Mama Donatus kwa mdomo ni wa kwanza,*
*Kwa masikio ni wa mwisho.*
*Jiwe ni yeye, ndoo imetoboka.*

Jumapili nikasimama katikati, Wagalu na Wagika wote wapo, nikauanzisha. Nimeuimba vizuri, hilo nalisema. Nilitaka wanicheke, wimbo ushike njia upande malori, umfikie Mageni popote alipo, ajue jibu lake limetolewa. Waliitikia mara mbili, kwa adabu. Kisha watoto pembeni wakaanza ule wa zamani, na miguu ya watu ikaufuata. Nikabaki nimesimama, mdomo wazi.

Generosa hakuwepo. Siku hizi alfajiri nachota maji mwenyewe, nampelekea ndoo mbili mlangoni. Hatuamkiani. Jioni nazikuta kwangu, tupu, zimeoshwa. Sijui kama anayanywa au anayamwaga.

Donatus, ukimwona mahali, usimwite kwa jina. Mwambie tu kwamba ndoo za mama zipo, na hakuna kijana mwingine aliyezijaza.

Ukipata nafasi, andika. Hata jina tupu.

Mama yenu.