Niliomba Mvua Siku ya Ntheo

Jumamosi jioni, Mbooni. Imenyesha tangu alfajiri na sasa ndiyo inapungua. Gauni langu jipya lina matope hadi magotini, nywele nilizosukwa jana zimelowa, na jikoni kuna sufuria tatu za pilau zisizo na mlaji.

Leo ilikuwa siku ya ntheo yangu.

Kwa nyinyi msio Wakamba: ntheo ni wale mbuzi ambao mwanamume hupeleka nyumbani kwa kina msichana kabla hata ya kuzungumzia mahari. Mmoja anachinjwa, pande zote mbili zinamla, na tangu hapo wewe ni mke wa mtu. Harusi ya kanisani inaweza kuja baada ya miaka kumi au isije kabisa, hakuna anayejali. Ukifa utazikwa kwao. Wazee wa hapa hawakuulizi kama una cheti, wanakuuliza kama mbuzi waliliwa.

Nimesema "msichana" kwa heshima ya mila tu. Nina miaka thelathini na sita, nina kibanda cha kushona sare za shule pale Emali, cherehani mbili, na goti moja linalonisumbua kila nikipanda mlima wetu. Mwanamume mwenyewe anaitwa Muthama, mkulima wa matikiti huko Kibwezi. Hanywi. Kanisani anakaa safu ya mbele. Siku Mwaitu, yaani mama yangu, alipomwona mara ya kwanza, aliosha vyombo huku akiimba. Jameni, mama yangu haimbi akiosha vyombo.

Basi mimi nilikuwa naomba ishara ya nini?

Niseme ukweli, maana hapa mtandaoni hakuna anayenijua kwa sura. Sikuwa na amani. Muthama akikasirika hapigi kelele. Ananyamaza. Wiki nzima hapokei simu, na mimi huku naomba msamaha bila kujua nimekosa nini. Akirudi anarudi na tikiti kubwa na tabasamu, nami nafurahi mpaka nasahau kuuliza. Hilo nililiona mara ya kwanza, nikaliona mara ya tano, nikajiambia ni utu uzima, si vijana wale wa kubishana barabarani.

Kanisani kwetu tumezoea kumwomba Mungu ishara. Shangazi Kalekye, dada ya baba, ndiye anayeongoza kikundi cha maombi, na yeye haanzi safari bila ishara. Akanishauri nami nitaje yangu, iwe wazi, nisiigeuze baadaye. Nikafunga siku nzima, nikasema: Bwana, kama huyu ni wangu, siku ya ntheo inyeshe.

Nilijiona mjanja wa kiroho kabisa. Kuomba mvua Novemba! Si afadhali ningeomba Jumapili ifuate Jumamosi. Ndiyo, huku kwetu hata Novemba mvua inaweza kutudanganya, mwaka jana mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Lakini nikijichunguza vizuri, nilichagua ishara ambayo nilijua ingenijibu ndiyo.

Na ikanyesha. Mabati yalipoanza kupiga kelele alfajiri nililia kwa furaha, nikaenda kumwamsha shangazi aliyelala jikoni. Akapiga magoti pale pale kati ya vitunguu na viazi, akashukuru kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Kabla ya saa sita Muthama akapiga simu. Huu mto wa chini yetu, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu na tunachimba visima ndani yake, ulikuwa umejaa maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Gari lao halingeweza kuvuka. Walikuwa wamesimama ng'ambo, yeye, mjomba wake na wazee wawili, na mbuzi nyuma ya gari. Alizungumza kwa upole sana. "Usijali mpenzi, tutalala mjini Wote, Jumatatu maji yakishuka tunakuja." Nikamwambia asante.

Nikabaki nimeduwaa. Mvua niliyoomba iwalete ndiyo iliyowazuia.

Shangazi hakuduwaa hata kidogo. Asubuhi mvua ilikuwa baraka, sasa ni adui anayepigana na ndoa yangu, akaanza kuikemea ikiwa bado inanyesha. Mwaitu akasema yote mawili yanaweza kuwa kweli. Baba alikuwa kwenye veranda akinoa kisu cha kuchinjia. "Ni mvua," akasema, na akaendelea kunoa.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya kuchekesha na ningewaomba mnipe maoni.

Lakini simu ililia tena. Ni jina la Muthama. Nikapokea, nikasema haloo mara kadhaa, hakuna anayenijibu. Nikasikia maji, nikasikia mbuzi, nikasikia watu wanaongea kwa mbali. Nikaelewa kwamba simu imejipiga yenyewe mfukoni mwake. Nilitaka kukata, kweli nilitaka. Kidole kilikuwa tayari.

Mjomba wake alikuwa akimuuliza kuhusu kazi yangu. Huyu mjomba ni mzee mpole, aliwahi kuja dukani kwangu nikamrekebishia koti. Walikuwa wanaongea Kikamba, mimi nayaandika kwa Kiswahili lakini sijaongeza neno. Mzee alisema, "Huyo mama ana duka lake Emali. Mmekubaliana ataendelea nalo?"

Muthama akacheka. Ni kile kicheko ninachokipenda, ndicho kinachoniumiza.

"Mjomba, wacha kwanza mbuzi waliwe. Wakishaliwa atarudi kwa nani? Hicho kibanda atakifunga, na hayo maswali yake mengi yataisha. Nitamnyamazisha pole pole tu."

Mzee hakucheka. Akasema, "Aisee," kisha simu ikakatika.

Nilikaa kwenye gunia la mahindi ghalani, nikasikia wanawake wakicheka jikoni.

Nilimwambia shangazi kwanza. Ati simu kujipiga ni mbinu za shetani, anatumia hata mitambo, nisifungulie mlango. Nikamuuliza, shangazi, kwa nini mvua ni Mungu na simu ni shetani? Akasema mvua niliiomba, simu sikuiomba. Mpaka sasa bado natafuta jibu lake. Mwaitu yeye alifunika uso kwa leso. "Wanaume wote huongea hivyo wakiwa na wenzao," akasema. "Watu wameshaambiwa, Mwende. Wametuazima viti." Halafu akanitazama kwa macho ya mtu anayeomba, na mama yangu hajawahi kuniomba kitu maishani. Ningeweza kumkasirikia lakini sikuweza. Yeye anaogopa nitazeeka peke yangu na amechoka kuulizwa habari zangu kanisani.

Saa hizo zote nilikuwa najibishana na mimi mwenyewe. Labda alikuwa anajionyesha kwa mjomba. Labda nilisikia vibaya kwa sababu ya maji. Labda Mungu hatumii simu. Nikajikuta nimeinama pale ghalani nikianza, "Bwana, nipe ishara nyingine moja tu..." Nikanyamaza katikati. Niliona aibu, kama mtu anayerudi dukani kubadilisha kitu alichopewa bure.

Nikaenda veranda. Baba alikuwa ameshamaliza kunoa, amekifunga kisu kwa gazeti. Nikamweleza yote, nikitarajia aseme ni simu tu, kama alivyosema ni mvua tu. Alisikiliza hadi mwisho huku akitazama mto kule chini.

"Unamwogopa?" akauliza.

Swali dogo hivyo. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Shangazi aliuliza kama nimeomba, mama aliuliza kama nampenda, mchungaji aliuliza kama ameokoka. Nilifungua mdomo niseme hapana, na nikasikia sauti yangu ikisema ndiyo. Kisha nikalia vibaya sana, kwa sauti, mwanamke mzima.

Baba hakunishika wala hakunihubiria. Alitoa simu yake ya vibonyezo, akavaa miwani, akamtafuta yule mjomba. Akamwamkia vizuri, akamuuliza kama wamefika Wote salama, akamwambia: "Mzee mwenzangu, Jumatatu msije. Mbuzi wapumzike huko kwenu." Upande wa pili nikamsikia mzee akisema, "Nimekuelewa." Hakuuliza sababu.

Mwaitu hajaniongelesha tangu hapo. Anagawa pilau kwa majirani na kila sahani anaitoa kwa kishindo. Shangazi amejifungia kuomba, na jina langu nalisikia hata nikiwa huku chumbani. Sijui kama nimeokoka au nimejiharibia. Kama kuna anayesoma hapa na ana uhakika, asiniambie leo.

Muthama ameshajua. Anapiga simu tangu jua lilipozama, na hapo zamani akikasirika alikuwa hapigi kabisa. Hata sasa ninapoandika simu inatetemeka kitandani. Nataka kuipokea nimwombe msamaha. Maneno yenyewe yameshanijia mdomoni, nayajua kwa moyo.

Nimekalia mikono yangu mpaka simu inyamaze.